Samaki Vichwa Chini

Sweta! Wiki nzima mmeniandikia, wengine mkanitukana kabisa, eti inakuwaje mwanamke aliyekamatwa nchi ya watu, kesho anapandishwa mbele ya hakimu, apige yowe kwa sababu ya sweta. Haya, tulieni niwaambie.

Mzee Aurelio Taveira, balozi wa heshima wa Aisilandi katika bandari ya Vila Serena, Ureno, ndiye mtu ambaye Hrefna alikuwa akimngoja siku tatu nzima rumande. Ndiye mkombozi. Akaingia, akavua koti lake jeusi, akainua mkono kulitundika ukutani. Chini ya koti amevaa sweta ya sufu, imembana tumboni, mikono mifupi, na kuzunguka mabega yake samaki wamefumwa mstari mzima. Chini ya kwapa la kushoto pana kitundu kidogo, kipana kama punje ya mtama.

Kila mfumaji wa kijiji cha Krakuvik ana alama yake. Kitundu cha kwapani ni alama ya Sigurlaug. Na Sigurlaug ni mama yake Hrefna.

"Umeipata wapi hiyo?" Hrefna akapiga yowe.

"Kwanza tusalimiane, binti. Mimi ndiye niliyetumwa na serikali yako."

"Nimekuuliza sweta!"

Mzee akajitazama kifuani, akacheka. "Hii? Zawadi. Kampuni hunipa moja kila mwaka. Ya mwaka huu imenibana kidogo, lakini joto lake we acha tu."

Kampuni!

Wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikiliza. Kampuni ni ile ile ya uvuvi ambayo Hrefna, mkaguzi wake wa usalama, aliifichua. Mabaharia wawili Wafilipino, Rodel na Crisanto, walikufa kwa gesi ya mitambo ya baridi ndani ya meli Mjoll, kwa sababu king'ora cha hatari kilizimwa kisikatize kazi. Kampuni ikatangaza wamesombwa na wimbi. Daftari la meli lilisema vingine. Na daftari hilo Hrefna alipewa na mdogo wake wa tumbo moja, Bergur, fundi mitambo wa meli hiyo hiyo. "Dada, soma, halafu fanya unachojua wewe," Bergur alimwambia, akaondoka bila hata kunywa kahawa.

Picha za daftari zikatoka magazetini. Kampuni ikasema za kughushi. Na kwa kuwa meli ile ilipeperusha bendera ya kisiwa cha Santa Livia, kisiwa ambacho haijawahi kukiona hata kwa mbali, serikali ya Santa Livia ikatoa hati: Hrefna akamatwe kwa wizi wa mali ya meli. Kule mwendesha mashtaka na Kampuni hula sahani moja. Akipelekwa huko, harudi.

"Wewe unanunua samaki wao," Hrefna akasema.

"Mwaka wa ishirini na mbili sasa. Samaki wa chumvi. Nusu ya mji huu hula Krismasi kutoka ghalani kwangu."

"Halafu ndiye balozi wetu!"

"Wa heshima. Silipwi hata senti. Mmenipa bendera na bamba la mlangoni. Sasa ulitaka awe nani, binti? Daktari wa meno? Nani mwingine hapa anajua Aisilandi iko wapi?"

Hapo ndipo palipomkata maini. Alijua, na kila mtu kwao anajua. Nchi ndogo, watu hawafiki nusu milioni, haina pesa za kuweka ubalozi kila bandari. Basi samaki hutangulia, na anayempokea samaki ndiye hupewa bendera. Utaratibu mzuri tu, umewafaa wengi waliopoteza pasipoti na wengine waliolewa pombe wakavunja viti vya watu. Lakini aliyewafichua wauza samaki akikamatwa anakwenda kumlilia nani? Mnunuzi wa samaki! Na yeye Hrefna, kwa kichwa chake, siku tatu anapiga magoti kuomba balozi aletwe.

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa la mama. Sufu ile ya kahawia haikuchovywa rangi. Ni ya kondoo wao Mora, aliyechinjwa Septemba. Sweta imefumwa juzijuzi, wakati mama yake alikuwa ameshamwapia, tena kwa machozi, kwamba hatashika tena sindano kufuma zawadi za Kampuni mpaka anaingia kaburini.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Hrefna hakuwa na methali hiyo, lakini kitu chenyewe alikuwa anakitazama.

"Serikali yako haijakusahau," balozi akaendelea, akaweka mezani mfuko wa kitambaa wenye nembo. "Huu umetoka Kitengo cha Ngao."

Kitengo cha Ngao ndiyo ofisi iliyoundwa kuwalinda wananchi waliofichua maovu wakakamatwa ugenini. Hrefna akaufungua mfuko mbiombio. Mswaki. Taulo. Kijitabu kiitwacho *Haki Zako Ukiwa Nchi za Watu*. Na karatasi yenye majina ya mawakili kumi na mmoja.

Askari wa zamu, mwanamke mnene aitwaye Zulmira, akachungulia orodha juu ya bega lake. Hrefna aliwahi kufanya kazi bandari za Ureno, Kireno alikijua.

"Huyu wa tatu mazishi yake nilikwenda," Zulmira akasema. "Na huyu wa saba siku hizi anafuga nyuki."

"Huu ndio msaada wenyewe?" Hrefna akamgeukia balozi.

"Mswaki ni laini," mzee akajibu, na hakuwa anatania.

Hrefna akacheka. Akacheka mpaka Zulmira akamletea maji. Alipotulia akasema, "Nataka kitu kimoja tu. Barua. Serikali imwandikie hakimu kwamba mimi niko chini ya ulinzi wake, na kesi yangu itasikilizwa nyumbani. Hakimu akiipata barua hiyo kabla ya kesho saa nne, hanipeleki Santa Livia."

"Kweli kabisa. Na mwenye kuiandika ni mtu mmoja."

"Mjomba wangu. Mpigie."

Ndiyo, mkuu wa Kitengo cha Ngao ni Eyvindur, kaka yake Sigurlaug. Januari, Eyvindur alikuja kijijini, na asubuhi wakaingia wote kwenye hodhi la maji moto la kijiji, kama kawaida ya watu wa kule. Pale mvuvi na waziri hukaa bega kwa bega, maji yamewafika shingoni, theluji inawaangukia kichwani, na siasa yote ya nchi huzungumzwa hapo. Kabla ya kuingia kila mtu huvua nguo zote na kujisugua kwa sabuni, liwe jua liwe baridi. Hakuna simu, hakuna kalamu. Ndiyo maana neno la hodhini huaminiwa kuliko la ofisini. Mtu atakudanganyaje naye yu uchi?

"Nenda Ureno ukatoe ushahidi wa vifo vile," Eyvindur alimwambia siku ile. "Ukiguswa hata unywele, barua yangu itafika kabla hujamaliza kulia."

"Niandikie basi, mjomba."

"Karatasi ndani ya maji?" Akacheka, akamshika bega. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Hata haya ya moto."

Sasa balozi akabonyeza simu, akaiweka mezani, sauti ikatoka wazi.

"Mjomba, ni mimi."

"Hrefna, mwanangu! Wanakulisha?"

"Andika barua."

"Barua gani tena?"

"Usinifanyie hivyo! Ya ulinzi. Uliniahidi."

"Nilikuahidi lini?"

"Hodhini! Januari! Ulinishika bega hili hapa!"

Kisha ile sauti ya mjomba, nzito, ya upole, ile ile iliyokuwa ikimsomea hadithi alipokuwa mdogo, ikasema, "Hodhini watu husema mengi, mwanangu. Joto lile hulegeza ulimi. Serikali haiwezi kuingilia mahakama ya wenyewe."

"Mimi nilikuwa salama nyumbani! Sheria yetu isingenitoa kwenda Santa Livia hata wangelia machozi ya damu. Wewe ndiye uliyenitoa nje!"

"Nilikushauri. Kushauri si kusukuma."

"Wamenikamata mlangoni pa ndege. Walijua ndege, walijua saa, walijua hadi kiti. Nani aliwaambia?"

"Usiniulize mimi. Mimi kiti chako sikukijua. Aliyekijua ni mama yako, na ni yeye aliyesema."

Jamani! Mtu hupigwa ngumi akaona nyota. Hrefna hakuona hata nyota. Mama ndiye aliyemkatia tiketi ile kwa mkono wake. Mama ndiye aliyemfungia mkate wa shayiri na mwanakondoo wa kukausha kwa ajili ya safari.

Wakati ule ule kengele ya kanisa la ng'ambo ya barabara ikaanza kugonga saa kumi na moja ya jioni. Ngo! Ikaingia dirishani. Ngo! Ikatoka kwenye simu.

Hrefna akaitazama simu. Ngo! Dirishani. Ngo! Mezani. Zulmira naye akainua kichwa.

"Mjomba," Hrefna akasema polepole, "uko wapi?"

Simu ikakatwa.

Balozi akajifuta jasho. Sufu ya Mora si mchezo. "Haya, tusifichane," akasema. "Yuko hoteli ya hapo mbele. Amefika jana. Barua ameshaichapa, haina sahihi tu. Ataitia dakika utakayomwambia daftari liko wapi. Daftari lenyewe, si picha. Wewe unakwenda nyumbani, Kampuni inapata mali yake, mambo yanakwisha kiungwana."

"Na waliokufa?"

"Waliokufa hawapandi ndege, binti. Wewe ndiye una ndege ya kupanda, ama ya kaskazini, ama ya Santa Livia."

Alipomaliza akasogea dirishani kupunga upepo. Hrefna akainamisha kichwa, akafikiri. Msimdharau mtu aliyeinamisha kichwa.

Daftari liko wapi? Alimpa mama alifiche, wala hakumwambia mtu mwingine chini ya jua. Sasa kama mama amemuuza, mbona wao wanauliza? Muuzaji angeanza na daftari, angemalizia na kiti cha ndege. Kumbe hawana! Kumbe mama amenyamaza!

Akainua macho. Balozi amesimama kwenye mwanga, na sasa Hrefna aliiona sweta vizuri, bila hasira kumziba macho. Samaki walikuwa vichwa chini.

Sweta za zawadi za Krakuvik samaki wake huogelea kuzunguka mabega, mmoja nyuma ya mwenzake. Vichwa chini hufumwa kwa mtu mmoja tu: yule ambaye bahari imemchukua isimrudishe. Familia humfumia kwa kipimo chake, kisha huizika sweta badala ya mwili. Hakuna mwanamke wa kijiji kile anayeweza kukosea hapo, hata awe kipofu, hata awe amelewa.

Ni onyo! Hrefna akasema moyoni. Barua zinasomwa, simu zinasikilizwa, lakini mama amemfumia huyu mzee mauti kifuani ili mimi nimwone nijue. Mtu huyu ni kifo, usimwamini. Oh, mama yangu! Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya furaha.

"Mwite mjomba," akasema, akijifuta. "Nitamwambia yeye kwa mdomo wangu, si mwingine."

Haikupita robo saa Eyvindur akaingia, mrefu, ndevu zimechanwa, koti la bei mbaya. Hakuwa peke yake. Nyuma yake, amekumbatia kapu lake la kufumia, alikuwa Sigurlaug mwenyewe.

"Mama!"

Zulmira akatoka nje ya mlango, akawaachia familia nafasi. Sigurlaug hakumkimbilia binti yake. Alisimama, macho yake yakanasa kifuani pa balozi, uso ukambadilika.

"Eyvindur. Hiyo umeitoa wapi?"

"Kasha lako. Zawadi ya Kampuni kwa Aurelio mwaka huu haikuwepo, nikaikuta hii imekwisha, nikasema..."

"Umefungua kasha langu?"

"Dada, sweta ni sweta."

"Si sweta! Miaka thelathini umekaa mjini umekuwa mjinga hivyo? Huoni samaki?"

Eyvindur akaangalia. Mtu alizaliwa kijiji kile, baba yake alizikwa kwa sufu kama ile, na bado alilazimika kuangalia mara mbili. Kisha akapauka.

"Mimi nimeona, mama," Hrefna akasema kwa shangwe. "Nimeupata ujumbe wako."

"Ujumbe gani?"

"Hukumfumia huyu ili kunionya?"

"Huyu? Huyu hata simjui jina."

"Sasa ulimfumia nani?"

Sigurlaug akaitazama mikono yake kama mtu aliyeikuta njiani. Jibu lilipotoka lilitoka dogo.

"Wewe."

Hrefna akadhani hakusikia vizuri. Akaitazama tena sweta ile iliyombana mzee tumboni na mabegani, mikono inayoishia kabla ya kiganja. Kipimo cha mwanamke. Kipimo chake.

"Niliianza siku niliyokukatia tiketi," mama akasema.

"Kwa hiyo ulijua watanikamata."

"Nilijua."

"Na ni wewe uliyewaambia kiti."

"Ni mimi."

Wasomaji wangu, kuna maumivu ambayo mtu hulia, na kuna ambayo hata kulia unaona aibu. Hrefna alirudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mjomba kumkana alikuwa amekwisha kumeza. Balozi, huyo mtu baki. Lakini mama amkabidhi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amfumie nguo ya kuzikia! "Kwa nini?" akauliza. "Nimekukosea nini mimi?"

Sigurlaug akatia mkono kapuni, chini ya mabonge ya uzi, akatoa daftari la buluu lililovimba kwa maji ya chumvi. Akaliweka mezani.

Eyvindur akaruka. "Uliniapia huna!"

"Na wewe uliniapia mangapi? Nyamaza." Akamgeukia binti yake. "Zile kurasa mbili za mwisho zilizogandana kwa damu ya samaki, wewe uliogopa kuzibandua zisichanike. Mimi niliziweka kwenye mvuke wa birika. Soma jina la aliyezima king'ora."

Hrefna akafungua. Mwandiko aliujua kabla hajalifikia jina, ule ulioinama kushoto, wa mtoto aliyemfundisha mwenyewe kuandika kwenye meza ya jikoni. *Nimezima king'ora kwa amri ya nahodha.* Saa. Tarehe. Na chini yake: *Bergur.*

"Lakini yeye ndiye aliyenipa," akanong'ona.

"Ndiye aliyekupa. Sijui alitaka nini. Pengine alitaka umhukumu wewe, asihukumiwe na watu. Nina watoto wawili, Hrefna. Nikasema wewe una akili, una lugha za watu, una magazeti nyuma yako, utajitetea. Yule hana kitu. Kaka yangu akaniambia ukishikwa huku siku mbili tatu utaliachia daftari kwa mdomo wako, nisilitoe mimi kwa wizi, na Bergur atapona. Nikamwambia kiti. Nikarudi nyumbani nikaanza kufuma, maana mimi si mtoto, nilijua wakishakushika hawakuachii. Nikakulilia, nikamaliza. Halafu usingizi ukakataa kuja."

"Kwa nini hukulichoma?"

"Mara mbili nimelitia motoni, mara mbili nimelitoa. Kila nikilitia namwona mama yake yule kijana, Rodel. Lakini mimi si mama yake. Mimi ni mama yenu. Mpe mjomba wako daftari, atie sahihi, twende nyumbani. Niwe nanyi wote wawili. Nakuomba, mwanangu."

Eyvindur hakungoja. Akatoa barua, akatia sahihi, akagonga muhuri. Akaiweka mezani kando ya daftari, karibu kabisa, kingo zikagusana. "Hii hapa," akasema. "Mjomba wako si mtu mbaya. Kiwanda cha Kampuni pale kijijini kinalisha kaya tisini. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekumbuka nilichosema hodhini," Hrefna akajibu.

Mkono wa mjomba ukaanza kulinyemelea daftari.

"Muda umekwisha!" Zulmira akaingia, akasimama. Macho ya askari. "Na hicho cha buluu? Hakikuwepo. Kila kinachoingia chumba hiki lazima kiandikwe, na kikiwa cha mshtakiwa kinakwenda kwa hakimu. Cha nani?"

"Cha huyu mama," balozi akasema haraka kwa Kireno. "Kitabu cha mishono."

Zulmira hakumtazama balozi. Alimtazama Hrefna. "Nakuuliza wewe. Cha nani?"

Hrefna akayapima majibu mawili. Akisema cha mama, kitarudi kapuni, kapu litatoka na mjomba, na kesho saa nne yeye ni mtu huru. Akisema chake, Eyvindur ataichana barua ile hapo hapo, na mdogo wake aliyemfundisha kuandika atafungwa kwa mwandiko wake. Sigurlaug hakujua neno la Kireno, lakini macho yalishaelewa. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu. Usifanye, mwanangu. Usifanye.

Hrefna akamgeukia balozi. "Vua hiyo sweta."

"Nini?"

"Vua. Si yako. Ilifumwa kwa ajili yangu."

Mzee akamtazama Zulmira, Zulmira akainua mabega. Akaivua kwa kuhangaika, akabaki na shati lililolowa. Hrefna akaichukua, ya joto bado, akaivaa mbele ya mama yake. Ilimkaa sawasawa. Mikono iliishia pale pale pa kuishia, na samaki wakamwangukia kifuani, vichwa chini.

Sigurlaug akatoa sauti ambayo haikuwa neno, akakaa sakafuni.

"Ulishanizika, mama," Hrefna akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka bila aibu. "Mtu aliyezikwa huwezi kumwomba kitu."

Kisha akamgeukia Zulmira, akasema kwa Kireno, neno moja moja, ili pasiwe na kosa: "Daftari ni langu. Liandike."

Kwa nyuma yake ikasikika karatasi ikichanwa vipande viwili, halafu vinne. Hakugeuka kuangalia.

Zulmira akalivuta daftari upande wake. Akafungua kitabu chake cha vielelezo, akalamba kidole, akageuza ukurasa, akaandika tarehe. Aliandika jina la Hrefna bila kuuliza. Kisha akasimamisha kalamu kwenye mstari wa pili.

"Na wewe daftari hili ulikabidhiwa na nani?" akauliza. "Nataka jina kamili."